Nauru: mwaka 2025 wa kisiwa kilichomaliza mawe yake

Mwezi wa kumi, siku zile kota za kobalti zilianza kutumika, tulikuwa kwenye ofisi ya sendika hapa Kolwezi, tuko tunahesabu. Serikali ilikuwa imesema: tani 18,125 kwa kumaliza mwaka 2025, kisha tani 96,600 kwa mwaka 2026, na vilevile 2027. Kila delege alikuwa na kalamu yake, anatafuta kujua kampuni yake itapata ngapi na kazi ngapi zitabaki. Kijana mmoja, delege mpya, akauliza swali ambalo halikuwa kwenye karatasi: "Bakubwa, na ile kobalti ya mu bahari banasemaka, njo ya nani?" Mzee mmoja akamujibu bila kuinua kichwa: "Ya Nauru." Kijana alifikiri ni jina la kampuni ingine ya Wachina.

Nauru ni inchi. Ni kisiwa kimoja, kilometa za mraba 21, katikati ya bahari ya Pasifiki, karibu kabisa na mstari wa ikweta. Watu ni kama 12,000 hivi. Mtaa mmoja tu wa Kolwezi uko na watu kupita pale. Ukitoka asubuhi kwa miguu kwa barabara ya pembeni ya bahari, unazunguka inchi nzima na unarudi kulala kwako. Haina mji mkuu. Bunge liko kwenye wilaya inayoitwa Yaren, basi. Lakini hii inchi ndogo iko na raisi, bendera, na kiti kwenye Umoja wa Mataifa sawa na Kongo yetu. Ile bendera na kile kiti ndivyo vinafanya tuandike leo.

Tuseme kwanza sababu gani sisi, watu wa shaba, tunapoteza karatasi juu ya kisiwa. Tarehe 22 mwezi wa pili Kinshasa ilifunga mlango wa kobalti kutoka inje, miezi 4, kisha ikaongeza miezi 3, juu bei ilikuwa imeanguka mpaka karibu dola 10 kwa pauni moja. Bei ilipanda, ni kweli, na hatusemi serikali ilikosa. Lakini tunakumbuka wenzetu wa kampuni moja ya sutretansi, jina hatutaji, waliotumwa nyumbani kwa konje tekniki na nusu ya mshahara, na ile nusu yenyewe ilifika mwezi mmoja tu. Kwenye mikutano yote ya mwaka 2025 tulisikia maneno yaleyale: Kongo ndiyo yenye kobalti, dunia itangoja. Wakati tulikuwa tunasema hivyo, kuna watu wengine walikuwa wanajipanga ili wasingoje. Na karatasi yao ya kwanza ilikuwa na muhuri wa Nauru.

Sasa turudi nyuma kidogo. Wazee wanajua kama Union Minière ilizaliwa mwaka 1906. Mwaka uleule 1906, Pacific Phosphate Company, kampuni ya Waingereza na Wajerumani, ilianza kazi Nauru, na meli ya kwanza ya mawe ikaondoka 1907. Jiwe lao ni fosfati. Linasagwa, linakuwa mbolea. Mashamba ya Australia na New Zealand yaliota juu ya kisiwa kile. Wenye udongo walikuwaka wanalipwa nusu peni kwa tani. Kisha vita ya kwanza, Uingereza, Australia na New Zealand wakaichukua kazi yote wao watatu, wakajiuzia wenyewe fosfati kwa bei yao wenyewe. Msomaji wa Katanga hana lazima ya kufasiriwa hiyo.

Na watumikaji? Hapa tunasimama kidogo, juu hapa ndipo kwetu. Wenyeji wa Nauru walichimba kidogo tu. Kazi ya kuvunja mawe ilifanywa na watu walioletwa kutoka China na kutoka visiwa vya Gilbert, vile sisi tuliletewa watu kutoka Kasai na Rwanda na Rhodesia. Walikaa kwenye kampo zao, kwa kontra, bila wake. Mwaka 1948 Wachina waligoma juu ya mshahara na maisha ya kampo. Utawala wa Australia ukatangaza hali ya hatari, polisi wakapiga risasi, wagomaji wakauawa. Miaka saba mbele, mwezi wa 12 wa 1941, wagomaji wa Union Minière walipigwa risasi kwenye uwanja wa mpira pale Lubumbashi. Hawakujuana, hawakuwa na gazeti moja. Walikuwa na dai moja: franga na chakula.

Nauru ilipata uhuru tarehe 31 mwezi wa kwanza 1968. Ile tarehe walichagua kwa makusudi. Wakati wa vita ya pili, Wajapani walikuwa wamehamisha watu 1,200 wa kisiwa mpaka Truk, na 31 mwezi wa kwanza 1946 waliobaki wazima, 737, walirudi kwao. Raisi wa kwanza, Hammer DeRoburt, alifanya kitu kimoja ambacho tunakiheshimu: aliwanunulia watu wake migodi yote, na kufika 1970 kazi ya fosfati ilikuwa mikononi mwao. Sisi tulitaifisha mwaka 1967. Ni kama tulikuwa darasa moja.

Miaka ile ya 1970 watu wa Nauru walikuwa kati ya matajiri wa dunia ukigawa pesa kwa kichwa. Kodi ya mshahara haikukuwa. Daktari bure, masomo bure. Inchi ilikuwa na kampuni yake ya ndeke. Ilijenga Melbourne, Australia, jengo la gorofa 52, Nauru House, likamalizika 1977. Waliweka pesa kwenye mfuko juu ya siku fosfati itaisha, na hilo lilikuwa wazo zuri, tena zuri sana. Lakini mfuko ulikuwa na mikono mingi ndani na washauri wengi wa inje. Mwaka 1993 pesa ya kisiwa ililipia mchezo wa muziki pale London juu ya maisha ya Leonardo da Vinci, ukafungwa kisha wiki chache. Jengo la Melbourne liliuzwa 2004 kwa kulipa madeni. Mwaka 2005 ndeke yao ya mwisho ilikamatwa na wadai. Wale watumikaji wa Kiribati na Tuvalu waliokuwa wanaendesha kazi, walirudishwa kwao. Tunajua namna gani mambo haya yanakwenda: dekonti final inakuwa ya mwisho kufikiriwa.

Haki walitafuta. Mwaka 1989 Nauru ilipeleka Australia kwenye Mahakama ya Kimataifa ya La Haye juu ya udongo ulioharibiwa mbele ya uhuru, na 1993 Australia ikakubali kulipa dola zake milioni 107. Inchi ya watu wachache vile ilimushinda mzungu mkubwa. Tunasema hivyo kwa furaha, na tunaongeza kama zile pesa hazikurudisha udongo.

Juu udongo ndio habari yenyewe. Katikati ya kisiwa, pale panapoinuka, wenyewe wanaita Topside. Karibu sehemu nane kwa kumi ya inchi imechimbwa. Fosfati ilikuwa imejaa kati ya mawe marefu ya matumbawe. Ukiondoa fosfati, yanabaki mawe peke yake, yamesimama kama meno, marefu kupita mtu. Huwezi kulima, huwezi kujenga, hata kupita kwa miguu ni kazi. Sisi tuko na mashimo ya Kamoto na Musonoi, tuko na ule mulima mweusi wa Lubumbashi. Lakini tuko pia na nafasi ya kuhamia. Kasulo watu walichimba ndani ya lupango zao, chini ya vitanda vyao, na ilipoharibika walienda mtaa mwingine. Nauru mtaa mwingine ni bahari. Karibu watu wote wanakaa pembeni, kwenye mkanda mwembamba wa udongo, na maji ya bahari yanapanda.

Huo ndio mwaka 2025 uliwakuta.

Ulianza na kura, tarehe 18 mwezi wa kwanza. Viti 19 vya bunge, wilaya nane za kura. Vyama havina kazi kule, na kila mtu mzima anapashwa kupiga kura, ni sheria. Wanapiga kwa namna yao: unaandika wagombea wote kwa mpango, wa kwanza anapata 1, wa pili nusu, wa tatu theluthi, mpaka mwisho. (Tulijaribu kufasiria hii kwenye ofisi na mtu mmoja akasema tuitumie kwa kura zetu za madelege. Tukahesabu tena mara tatu, tukaacha.) Wabunge wakamurudisha David Adeang kuwa raisi. Alikuwa ameingia mwezi wa kumi 2023, kisha bunge kumuangusha aliyekuwa mbele yake. Kwa inchi iliyozoea kubadilisha maraisi kama mashati, kurudisha mmoja ni habari.

Mwezi wa pili, siku zilezile ambazo sisi tulifunga kobalti, Nauru ilianza kuuza uraia. Dola za Marekani 105,000, ulikuwa unapata paspoti. Walishauzaka paspoti miaka ya 1990, pamoja na benki za kificho, na jina la inchi likaharibika. Safari hii wanasema pesa ni ya kazi moja: kuhamisha watu kutoka pembeni ya bahari na kuwapandisha juu. Juu ni wapi? Ni Topside. Ni palepale palipochimbwa. Mpaka wavunje yale meno, wasawazishe, walete udongo, maji, umeme, barabara. Wanauza uraia ili wanunue upya ardhi ya inchi yao wenyewe. Tulisoma hiyo mara mbili, juu mara ya kwanza tulifikiri gazeti limekosea.

Sasa bahari. Hapa msomaji avumilie, juu mambo haya wanapenda kuyafanya magumu ili mtu mdogo asielewe.

Kati ya Hawaii na Mexico, mbali sana na Nauru, chini ya maji ya zaidi ya metre 4,000, kuna mawe meusi yanayolala tu juu ya matope, makubwa kama kiazi. Ndani mna manganezi mingi, nikeli na shaba kidogo, na kobalti ambayo haifiki hata 1 kwa 100. Ni kidogo, lakini eneo ni kubwa hata wataalamu wa Marekani wanahesabu kama kobalti iliyoko pale inapita akiba yote inayojulikana kwenye inchi kavu, na yetu ndani. Yale mawe hayana mwenyewe. Sheria ya bahari inasema ni urithi wa watu wote, na iko chini ya shirika moja la kimataifa lenye ofisi Kingston, Jamaica. Kampuni haiwezi kuingia peke yake. Inalazimishwa kusimamiwa na inchi, kama vile mtoto anaingia masomo na sahihi ya baba. Kampuni The Metals Company, ya Canada, ilitafuta baba. Ikapata Nauru. Mwezi wa saba 2011 tawi lake, Nauru Ocean Resources, lilipata kontra ya kutafuta madini, miaka 15.

Nauru wenyewe waliogopa mwanzoni, na hiyo inawapa heshima. Mwaka 2010 waliuliza: kampuni ikiharibu bahari, nani atalipa, sisi masikini? Mwezi wa pili 2011 mahakama ya bahari ya Hamburg ikajibu: inchi masikini na inchi tajiri ziko na wajibu uleule wa kuchunga kampuni yao. Na bado wakatia sahihi. Mwaka 2021 raisi wao wa wakati ule, Lionel Aingimea, alipeleka barua Kingston kutumia kifungu kimoja cha sheria: kanuni za kuchimba zimalizike kwa miaka miwili. Miaka miwili iliisha mwezi wa saba 2023, kanuni hazikuisha. Katikati, mwisho wa 2022, meli Hidden Gem, ambayo zamani ilikuwa ya kuchimba petroli, ilivuta zaidi ya tani 3,000 za yale mawe mpaka juu. Kwa hiyo mashine inatumika. Wale wanaosema ni ndoto, wasiseme tena.

Mwaka 2025 kila kitu kiligeuka. Mwezi wa tatu kampuni ilisema imechoka kungoja Kingston, itaomba ruhusa Washington, juu Marekani haikutia sahihi sheria ya bahari na iko na sheria yake mwenyewe ya 1980. Tarehe 24 mwezi wa ine Raisi Trump akatoa amri ya kuharakisha madini ya bahari. Siku tano kisha, kampuni ikaweka maombi yake. Fikirini nafasi ya Nauru. Miaka 14 wamebeba kampuni mgongoni, wameitwa majina mabaya na jirani zao, Palau na Fiji, wanaotaka kazi hii isimamishwe; na siku mlango unataka kufunguka, mtoto anaenda kutafuta baba mwingine. Mwezi wa sita kampuni na serikali ya Nauru wakatangaza mkataba mpya. Vile tunavyoelewa sisi, ni mkataba wa mtu anayeshika shati la anayeondoka: usinisahau ukifika. Mwezi wa saba, Kingston, baraza la shirika likaomba wataalamu wake wachunguze kama makampuni yanafuata kontra zao.

Kuna utafiti ulitoka mwaka uleule 2025. Wataalamu walirudi pale mashine ilijaribiwa mwaka 1979. Miaka 44 ilikuwa imepita, na njia ya mashine bado inaonekana kwenye matope. Yale mawe yanaota milimeta chache kwa miaka milioni. Topside ilichukua karibu miaka mia moja kumalizika na mtu anaweza kwenda kuiangalia kwa macho. Ya chini ya bahari nani ataenda kuangalia?

Kitu kimoja kilituumiza zaidi, tukiseme. Wale wanaotafutia madini ya bahari wateja, wanapenda kuonyesha picha za watoto wetu. Kobalti ya bahari, wanasema, haina mtoto ndani ya shimo. Watoto wako kwenye mashimo, ndiyo, hatuwezi kukana, tumewaona wakiosha mawe mtoni na tumepiga kelele kupita wao. Lakini siku kobalti ya bahari itafika sokoni, bei ikianguka, yule mtoto hataenda masomo juu baba yake amepoteza kazi. Atachimba zaidi kwa bei ndogo. Na ile picha yake, hawakumulipa hata franka.

Delege kijana alikuwa bado na swali: kwenye ile meli watumikaji ni wangapi? Tukamwambia ni wa kuhesabu, na wengi ni mainjinia na mabaharia. Akasema: "Basi hata sendika hakuna."

Mwezi wa nane Nauru ilitia sahihi ya tatu ya mwaka. Tangu 2001 Australia inapeleka kule watu waliokuja kwake kwa mashua kutafuta kimbilio, ilifunga 2008, ikafungua tena 2012. Sasa ni watu wengine: wageni ambao mahakama kuu ya Australia ilisema mwaka 2023 hawawezi kufungwa bila mwisho, wengi wao walishahukumiwa na kumaliza buloko. Hakuna inchi inawataka. Nauru imekubali. Dola za Australia milioni 408 wa kwanza wakifika, kisha milioni karibu 70 kila mwaka. Gawa milioni 408 kwa watu 12,000: ni zaidi ya dola 30,000 kwa kila kichwa, na mtoto mchanga ndani. Wa kwanza walishafika mwezi wa kumi. Na mwisho wa 2024 Australia ilikuwa imeshapata mkataba mwingine unaoipa neno juu ya usalama, benki na simu za kisiwa, juu iliogopa China, ambayo Nauru ilirudiana nayo mwezi wa kwanza 2024 kwa kuacha Taiwan.

Kwenye ofisi tulibishana. Wengine walisema hawa watu hawana haya: paspoti, wafungwa, bendera kwa kampuni, vyote kwa mwaka mmoja. Mzee yule aliyejibu "ya Nauru" alikasirika. Alisema: "Bo bamemaliza mabwe, banauzisha kile kinabakia. Siye mabwe iko, na tunauzisha namna gani?" Akatuuliza kontra gani ya kampuni hapa Kolwezi tumeisoma yote, ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Hakuna aliyeinua mkono. Mmoja alisema aliona ya kwanza kumi.

Mwisho wa 2025, ile kontra ya miaka 15 ya Nauru ilikuwa imepangwa kuisha mwezi wa saba 2026, na maombi ya Washington yalikuwa njiani. Kota yetu ya 2026 ilipangwa kuanza mwezi wa kwanza. Tumeomba makampuni matatu yatuonyeshe, mbele ya kusaini kitu chochote na watumikaji, kota yao ni tani ngapi na wamepanga bei gani kwa siku ile kobalti ya bahari itatokea. Moja imejibu kama itatuita. Kijana amechukua kazi ya kufuata mambo ya Kingston, na amebandika ramani ya Pasifiki kwenye ukuta wa ofisi. Nauru haionekani juu yake. Amechora alama na biki.